Kuwatazama Ndege wa Uani

Binadamu hupenda kutazama mambo kwa jicho la faida. Akimtazama ng'ombe huona maziwa. Akiutazama mti huona kuni au mbao. Akilitazama shamba huona mavuno. Si kosa kutazama hivyo, kwani pasipo faida hapana chakula wala karo ya shule. Swali lipasalo kuulizwa ni hili: je, mtu asiyejua kutazama ila kwa kutafuta faida, ameona? Napenda tulichunguze swali hili, msomaji, kwa njia ya jambo dogo ambalo kila mwanafunzi aweza kulifanya kwao bila gharama, yaani kuwatazama ndege wa uani.

Wako watakaocheka. Watasema kwamba ndege ni wa kufukuzwa shambani au kupigwa kwa manati, na kwamba kuketi chini ya mti na kumtazama ni kazi ya asiye na kazi. Tena watasema kwamba ni desturi ya wageni. Hoja hii ya pili haina nguvu. Wazee wetu waliwajua ndege kabla ya vitabu kuandikwa juu yao. Waborana wa kaskazini mwa Kenya humjua mlembe, ndege aongozaye watu kwenye asali, hata hutambua kwa mwendo na mlio wake nyuki wako upande gani na umbali gani. Mwaka 1989 mtaalamu Mkenya, Hussein Isack, pamoja na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao: watafuta asali wasioongozwa na ndege huyo walitumia muda wa saa 9 hivi kupata nyuki, na walioongozwa naye walitumia muda wa saa 3 hivi. Basi kumtazama ndege si ugeni kwetu. Ni urithi ambao wengi wetu tumeuacha njiani.

Walakini waweza kunijibu kwamba asali nayo ni faida. Ni kweli. Mtazame basi mnana, ambaye hana asali ya kukupa. Dume huchana ukanda mwembamba wa jani la nyasi au la mnazi, akaufunga kwenye kijiti kwa mdomo na miguu yake. Husuka pete kwanza, na kutoka pete hiyo husuka chumba. Kazi ikiisha hujining'iniza chini yake, akapigapiga mabawa na kuita. Jike huja, huingia, huvutavuta nyuzi za ndani kujaribu uimara wake. Asiporidhika huenda zake. Nyumba ikikosa kukubaliwa hata rangi yake ya kijani ikafifia, fundi mwenyewe huibomoa na kusuka nyingine. Hana mahakama ya kukatia rufani.

Sisemi kwamba mnana amekuja kukufundisha uvumilivu. Yeye ajenga nyumba yake, wala hajali kama wewe upo. Hilo lenyewe ndilo la kuzingatia. Juu ya kichwa chako mna kazi, ugomvi, uchumba na malezi, na yote hayo hayakuhusu. Kijana atambuaye kwamba dunia haikuumbwa kwa ajili yake peke yake ameanza kuwa mtu mzima.

Sasa mfikiri bundi. Akilia juu ya paa usiku, watu husema kwamba kifo kimekaribia, na kulipokucha vijana humtafuta kwa mawe. Katika kesi hiyo mshtakiwa hakuulizwa neno wala shahidi hakuitwa. Lakini shahidi yupo. Bundi humeza windo dogo zima zima, kisha huitapika mifupa na manyoya yaliyoshikamana kama kidonge. Nenda mchana chini ya mti atuapo, ukakitafute kidonge hicho na kukifungua kwa kijiti. Aghalabu utakuta fuvu na meno ya panya, yule yule alaye mahindi ghalani. Bundi hanusi kifo cha mtu. Asikiliza nyayo za panya gizani.

Jambo hili si la bundi peke yake. Mwenye kuzoea kumhukumu bundi kwa sauti yake hatachelewa kumhukumu jirani yake kwa lafudhi yake. Na mwenye kuzoea kusubiri, kutazama na kutafuta ushahidi kabla ya kutamka, amejifunza haki mahali asipoitarajia.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Chagua mahali pamoja, ukae kimya nusu saa asubuhi jua lichomozapo, wakati ndege wana shughuli nyingi. Usiguse kiota wala usitege mtego. Andika katika daftari tarehe, saa, ukubwa wa ndege ukimlinganisha na shomoro au njiwa, rangi, mlio, na alilokuwa akilifanya. Angalia sana mdomo: ule mfupi na mnene wa shomoro ni wa kuvunjia mbegu, ule mrefu uliopinda wa chozi ni wa kufyonzea utamu wa maua, na ule wa mwewe, wenye ncha kali, ni wa kuchania nyama. Kenya ina aina zaidi ya 1,000 za ndege, kwa hiyo usiogope kwamba kurasa zitakosa habari. Mwaka ukiisha, daftari litakuonyesha yasiyoonekana kwa siku moja: kwamba mbayuwayu fulani huwasili yapata Septemba na kutoweka yapata Aprili. Hao wametoka Ulaya, wakavuka jangwa la Sahara, na kila mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi.

Lakini usiandike usichokiona. Kama hukuiona rangi ya miguu, andika kwamba hukuiona. Hapana mwalimu atakayelisahihisha daftari hilo, wala hapana tuzo. Atakayedanganya humo amejidanganya mwenyewe. Uaminifu wa mtu hupimwa vyema pale asipokuwapo msimamizi.

Turudi kwenye swali letu. Aliyemtazama ng'ombe akaona maziwa tu, ameiona haja yake, hajamwona ng'ombe. Wahenga walisema, Mwenye macho haambiwi tazama. Nami nikiwaheshimu nasema kwamba macho pia huhitaji malezi, kama yahitajivyo ulimi na mkono. Kesho kabla ya kwenda shule, toka uani, usimame kimya, utazame ni nani aliyeko mtini.