Kilomita Nne

Je, ni halali kukumbuka kwa furaha mahali ambapo wazazi wako walitaabika? Swali hili lilizuka kati yangu na dada yangu familia yetu ilipokwenda likizo Ngara, tulikozaliwa. Tulikulia Lukole, kambi ya wakimbizi wa Burundi, hadi mwaka 2007 tulipohamishiwa Marekani pamoja na familia nyingine zilizokimbia mauaji ya 1972.

Lukole yangu ni mpira wa makaratasi na vicheko kwenye foleni ya maji. Lukole ya baba ni nyingine. Mkimbizi hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita nne kutoka kambini bila kibali. Mgao wa chakula ulipopungua, baba alitoroka kwa siku kadhaa kwenda Kanazi kufanya kibarua kwenye migomba ya watu, akijua kwamba akikamatwa atafungwa. Sisi watoto tulijua tu kwamba Kanazi ndiko zinakotoka ndizi.

Safari hii tulifika Kanazi mchana, kwa gari, na pasipoti za Marekani mfukoni. Baba alimsalimu kwa Kirundi mzee aliyekuwa akimlimia, naye akamjibu kwa Kihangaza. Walielewana bila mkalimani. Bugufi, upande huu wa Ngara, ilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi kabla Waingereza na Wabelgiji hawajagawana ardhi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mpaka uliomfanya baba kuwa mgeni ulichorwa na watu wasiowahi kushika jembe pale.

Dada anasema kuipenda Lukole ni kumkosea baba. Furaha yetu, kwake, ilikuwa ujinga wa watoto tu. Mimi naona ujinga ule haukuja wenyewe. Kuna mtu aliulinda kila aliporudi na mkungu wa ndizi bila kusimulia alikopita. Nikiikana furaha ile, nitakuwa nimeitupa kazi yake.

Hata hivyo, dada ana hoja moja nisiyoweza kuipuuza. Nyarugusu, mkoani Kigoma, watoto wamekuwa wakizaliwa kambini tangu mwaka 1996. Mtu akisikia kumbukumbu zangu anaweza kusema, "Mbona watoto wanacheza? Kambi si mbaya." Kwa hiyo nikisimulia mpira wa makaratasi, nasimulia na zile kilomita nne. Shukrani zangu ni kwa baba. Kambi siidai wala siisifu.