Mzani wa Kobalti

Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ndugu zangu katika imani, nakuusieni, nami naiusia nafsi yangu, tumche Allah.

Mnaijua habari ya Nabii Shuaibu na watu wa Madyan. Walikuwa wafanyabiashara na mali wanayo. Juu ya ushirikina wao walizidisha kupunja vipimo, wakaangamia. Dhambi hiyo haijafa. Leo imejificha ndani ya jambo jema, nalo ni nishati safi.

Betri nyingi za simu na magari ya umeme hutumia kobalti, na takriban asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Huko Kolwezi, mkoani Lualaba, mchimbaji mdogo huteremka shimoni kwa kamba, akapandisha mawe, akayaosha, akayabeba kwa gunia hadi kwa mnunuzi. Mnunuzi huyaelekezea kifaa kidogo cha mkononi, akataja kiwango cha madini, na bei hufuata namba hiyo. Mchimbaji hana kifaa chake. Miaka nenda miaka rudi wachimbaji wanalalamika kwamba namba hushushwa na kilo hupunguzwa. Lakini familia nyumbani zinasubiri unga, basi hupokea wanachopewa.

Juu ya gunia hilo wakubwa wanavutana. China ndiyo inayosafisha sehemu kubwa ya kobalti ya dunia. Marekani na Ulaya zinaunga mkono reli ya kwenda bandari ya Lobito, Angola. Februari 2025, bei ilipoporomoka, serikali ya Kongo ilisimamisha kuuza kobalti nje, na Oktoba ikaweka mgao wa kuuza nje. Mwenye mali ana haki ya kuilinda. Hata hivyo, haki hiyo haijatimia mpaka imfikie aliyeingia shimoni.

Wala tusiseme hayo ni ya Wakongo. Malori ya shaba na kobalti huvuka mpaka wa Tunduma, yakapita Morogoro hadi bandari yetu ya Dar es Salaam. Miongoni mwetu wamo madereva, makarani, mawakala wa forodha na wapimaji wa mizani. Anayeandika uzito wa uongo kwa ajili ya bahasha amekula jasho la yule wa Kolwezi, hata kama hatamwona maisha yake yote.

Basi mwenye kalamu aandike uzito kama ulivyo. Mwenye duka atimize kilo. Mwenye kauli mbele ya viongozi adai mchimbaji apimiwe mbele ya macho yake, kwa kifaa kisicho cha mnunuzi.

Ewe Mola wetu, tuepushe na chumo la dhulma, uwahifadhi walio mashimoni, na utujaalie uadilifu katika kila tunachopima. Amin.