Si kila anayekosa safu ya Alfajiri ni mvivu

Ndugu Waislamu, tumezoea kupimana imani kwa safu ya Alfajiri. Asiyeonekana huitwa mvivu, na wapo wanaothubutu kusema ameingiwa na unafiki. Hadithi kwamba Isha na Alfajiri ndizo swala nzito zaidi kwa wanafiki ni sahihi, lakini haikuja iwe rungu la kumpigia mgonjwa.

Qur'an, katika Suratun-Nabaa, imeupa usiku kazi yake na mchana kazi yake. Mwili nao una saa yake. Mwaka 2017 wanasayansi watatu wa Marekani, Hall, Rosbash na Young, walipewa tuzo ya Nobel kwa kueleza utendaji wa saa hiyo. Giza likiingia, ubongo hutoa homoni ya usingizi. Kukikaribia kucha, homoni nyingine hupanda kumwandaa mtu kuamka.

Kwa mwenye uchovu sugu, maradhi ambayo Shirika la Afya Duniani liliyaweka miongoni mwa magonjwa ya neva mwaka 1969, mpango huo humsaidia kidogo mno. Hulala usiku kucha akaamka kama aliyekesha. Wengi huelemewa zaidi asubuhi, wakapata nafuu kidogo jioni; wengine ni kinyume. Mchukulie mkulima wa Mdandu, Juni, baridi ya Njombe ikiuma. Jumatatu majirani wanamwona analima. Jumatano hainuki kitandani, nao wanacheka. Hawajui kwamba maradhi haya huadhibu jembe la juzi! Baada ya UVIKO-19 kuenea mwaka 2020, wenye hali kama hii wameongezeka duniani.

Kwanza aende hospitali, maana kifua kikuu, kisukari na upungufu wa damu navyo huchosha. Wala asiambiwe kuwa akilala mapema atapona. Kulala mapema ni vizuri, na Mtume (s.a.w.) alichukia mazungumzo baada ya Isha (vijana wa Makambako na simu zao wasikie), lakini si dawa ya maradhi haya.

Sheria imempa nafasi. Imran bin Huswayn (r.a.) alipougua, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza aswali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Aliyepitiwa na usingizi huswali anapoamka.

Nanyi wa nyumbani, muulizeni saa yake nzuri ni ipi. Kama ni baada ya Alasiri, wageni na darsa vimfuate wakati huo, na kuni akachanje mwingine.