Nani Aujuaye Ugonjwa?

Aristotle alitenganisha ustadi wa kuunda vitu na busara ya kuamua lililo jema kwa binadamu. Mwanafunzi wa usanifu hufundwa ule ustadi. Wa tiba hudaiwa ile busara. Katika Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, wanafunzi wa uhandisi walibuni kifaa nafuu cha kuwasaidia watoto wachanga kupumua, wakitumia pampu za tangi la samaki. Pampu ilikuwa kazi nyepesi. Kifaa kilijaribiwa katika Hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre, ambako wauguzi wana ujuzi wa wodini usiomo mchoroni. Kumwita muuguzi mwishoni, aidhinishe kilichokwisha kuundwa, ni adabu tu, si ushirikiano. Suala gumu zaidi ni dhamana: mtoto akidhurika, tabibu ana kiapo kinachomfunga, msanifu, kwa kawaida, hana.