Jina la Mchukuzi

Willem van de Velde Mzee, Mholanzi wa karne ya 17, alizichora merikebu za vita akiwa mashuani baharini. Tutazamapo michoro yake, twaona kwanza matanga. Mabaharia ni wadogo mno.

Macho yetu hufanya vivyo hivyo mjini Dar es Salaam. Sanamu ya mwaka 1927 yamwinua askari juu. Bali wapagazi wa Carrier Corps, waliokufa kwa maelfu katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi bila majina yao kuandikwa, walituachia jina la Kariakoo.

Nasi sokoni humo twamwitaje atuchukuliaye gunia? “Wewe!” Injili haikumsahau Simoni Mkirene, aliyeuchukua Msalaba wa Bwana. Basi, kabla ya kupatana ujira, tumwulize mchukuzi jina lake.