Je, Sauti Ina Kabila?

Wapo walimu wanaowaonya vijana wa Njombe kwamba kinanda cha umeme ni sauti ya wageni, na kwamba chetu ni ngoma na malimba. Onyo hilo lastahili kupimwa.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Mmarekani Harold Rhodes aliwaundia askari majeruhi vinanda vidogo kwa mabaki ya ndege, wapige wakiwa vitandani. Jitihada hiyo ndiyo iliyozaa kinanda chake cha umeme, kilichovuma miaka ya 1970. Ndani yake nyundo ndogo hugonga kijiti cha chuma. Mtetemo hugeuzwa umeme, ukatoka katika kipaza sauti mfano wa kengele iliyofunikwa kitambaa.

Sasa itazame ilimba ya Wagogo, ile aliyoipiga marehemu Hukwe Zawose hata ng'ambo. Nayo ni vijiti vya chuma vilivyobanwa upande mmoja! Tofauti ni kidole na nyundo.

Kijana wa Makambako, mji wa njia panda na reli ya TAZARA, leo hubonyeza kinanda kinachoiga sauti hiyo pasipo kijiti wala nyundo. Ugeni wake haunitishi. Kinachonisikitisha ni kupiga chuma asichopata kukigusa. Mwalimu na ampe ilimba mwezi mmoja, kisha amrudishe kinandani.