Tumewageuza Walinzi wa Mabegi

Jumamosi alfajiri Dar es Salaam hujaa watu waliovaa fulana za rangi moja. Filimbi zinapulizwa, nyimbo za mchakamchaka zinaitikiwa, na mgongoni tumeandika kwa herufi kubwa: Afya kwa Wote. Wote wepi? Yule binti wa magongo anayetutazama tukimpita, yumo? Yule kijana wa uswahilini asiye na raba wala hela ya fulana, yumo? Jibu tunalijua, na bado tunaendelea kukimbia.

Ole wetu.

Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 30 inazungumzia haki yao ya kushiriki michezo sawa na wengine. Mwaka 2010 tukatunga sheria yetu wenyewe. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, akazindua kampeni ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani likaeleza kwamba mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za mazoezi kwa wiki, na mtoto dakika 60 kwa siku. Wenye ulemavu wakatajwa waziwazi. Nani kati yetu atasimama aseme hakuambiwa?

Hesabuni makosa yetu. Viwanja vya mtaa tulivyochezea chandimu utotoni tumevimega vikawa fremu za maduka, gereji na maegesho. Waliouza ni sisi, walionunua ni sisi, na waliogonga mihuri tuliwachagua sisi. Kisha tunawaita vijana wazururaji na wavuta bangi, kana kwamba si sisi tuliowafukuza uwanjani. Kumbi za mazoezi tumezipandisha ghorofani bila lifti wala njia ya kiti mwendo, kwa ada ambayo mtoto wa mama ntilie hawezi hata kuiota. Shuleni, kengele ya michezo ikilia, mtoto anayechechemea hukalishwa chini ya mwembe, akarundikiwa masweta na mabegi ya wenzake, akaambiwa, "Wewe tulindie hapa." Mwalimu anaona. Mwalimu mkuu anaona. Mzazi akisimuliwa jioni hujibu, "Afadhali, asije akaumia." Mwaka unaisha mtoto yuko palepale, misuli inasinyaa, mgongo unapinda, nasi tunaita hiyo huruma.

Si huruma. Ni kumtelekeza mtoto mchana kweupe.

Siku ya bonanza ikifika ndipo tunakumbuka kwamba watoto kama huyu wapo. Tunawaleta kwa basi la kukodi, tunawapanga mbele ya turubai, mgeni rasmi anakabidhi kiti mwendo kimoja, picha zinapigwa, pilau inaliwa. Jumatatu, ni nani aliyerudi kumfundisha yule mtoto kurusha mpira akiwa amekaa? Nani aliyeuliza kama kile kiti kinapita kwenye mchanga wa uchochoro wao? Mwaka 2022 Tembo Warriors, timu yetu ya taifa ya soka ya watu wenye ulemavu, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini Uturuki, vijana wakicheza kwa magongo. Tukajigamba kwamba ni wetu. Lakini ni mtaa gani kati ya mitaa yetu wenye kocha, mpira na saa moja tu kwa wiki kwa ajili ya mtoto mwingine kama wao?

Tunataka kuvuna tusipopanda.

Wala tusisingizie bajeti. Kamati ya harusi inakusanya mamilioni kwa mwezi mmoja. Mpira na koni za mazoezi ndizo zitushinde? Wala tusiitupie serikali mzigo wote, kwani si serikali inayomfungia mtoto chumba cha uani wageni wakija. Ni baba yake. Ni mama yake. Ni majirani tunaojua na kunyamaza.

Mwalimu, mtoe mtoto huyo kwenye mabegi umpe mpira kesho. Mzazi, mtoe nje. Mwenyekiti wa mtaa, kiwanja kilichobaki kisimegwe tena hata hatua moja. Tusipofanya hivyo, tusimtafute mwingine wa kumlaumu: kosa ni letu sote.